Niliona Kope za Nyati kwa Darubini ya Mara Kumi

Rujewa,
Mei 1957

Mpendwa Mama Apolonia, mshauri wetu wa gazetini,

Pokea salaam zangu nyingi, na baada ya salaam nakuomba msaada, ingawa najua barua unazopata ni za ndoa na mahari na mawifi wasioelewana jikoni, na yangu mimi ni ya kioo, yaani darubini ya kufunga juu ya bunduki, lakini mwalimu Saulo anayetusomea gazeti lako kila Jumapili baada ya ibada husema kwamba Mama huyu hata akiulizwa habari za nyuki atatafuta mpaka apate, basi nami nikasema kuuliza si ujinga, na nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe ili mwalimu asijue yaliyomo, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Mimi ni Jailos, Msangu wa hapa Rujewa, mtu mzima mwenye watoto wanne, na kazi yangu ni kufuata nyayo. Kila mwaka mvua zikiisha na majani yakianza kukauka, Mzungu mmoja wa Iringa tunayemwita Bwana Ndevu huleta wageni kuwinda ng'ambo ya Ruaha, nami hutangulia mbele nikisoma ardhi, mgeni hunifuata na bunduki yake, na nyuma ya mgeni huja shemeji yangu Gideoni, kaka yake mke wangu Tekla, akibeba maji na risasi za akiba. Katika kazi hiyo iko desturi moja niliyoirithi kwa baba, na Bwana Ndevu aliikuta akaipenda, nayo ni kwamba mwenye silaha hapigi mpaka mfuata nyayo amgonge bega, hata awe mkubwa wa namna gani huko kwao, na mimi nami sigongi bega la mtu mpaka nitimize neno la baba yangu, ambaye aliwinda kwa mkuki maisha yake yote na akafa kwa uzee kitandani pake, maana yeye alikuwa akisema, "Usimtupie mnyama mkuki kabla hujaziona kope zake." Miaka kumi na mitatu nimegonga mabega kwa sheria hiyo, tukitambaa na wageni kwenye miiba, wao wakinung'unika na kuvuja jasho, na katika miaka hiyo yote hakuna mnyama aliyetuponyoka na jeraha.

Sasa nije kwenye darubini. Bwana Ndevu anazo tatu, na bunduki yake ya kuazimisha wageni ina mahali pa kuzifunga kwa skrubu mbili, unatoa hii unaweka ile. Ya kwanza ni ya mara mbili na nusu, fupi, haina majivuno. Ya pili ni ya mara nne, maana yake kitu kilicho hatua mia nne mbali unakiona kama kiko hatua mia moja. Ya tatu ilikuja mwaka jana kwa posta ya Mbeya ndani ya sanduku lenye pamba, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, nayo ni ya mara kumi, na Mama, siku ile tulipoifungua kambini hakuna aliyepika, hata mpishi Asukile aliacha ugali ukaungua akangoja zamu yake, na mimi nilipoweka jicho nilimwona mwanamke upande wa pili wa mto akianika nguo, nikahesabu vifungo vya shati alilokuwa akikung'uta, sita, na cha saba kimekatika, na yule mama hakujua hata kama kuna mtu duniani anamtazama. Nilitoa jicho, sikuona mwanamke, nikarudisha jicho, nikamwona tena. Tangu siku ile nilikuwa nikilala na swali hilo moja, kwamba kitu kimekujaje kwangu na hakikutoka kilipokuwa.

Basi mwezi wa Agosti alikuja mgeni, daktari, mtu mpole mwenye mikono mizuri, na yeye akachagua mara kumi kwa kuwa alisikia nchi yetu ni ya uwazi na wanyama hupigwa kutoka mbali, nami sikumzuia, na nikisema kweli nilifurahi. Siku ya tatu asubuhi tulikuwa juu ya kilima na ng'ambo ya bonde alisimama dume la nyati, mzee, peke yake, kama hatua mia tatu. Bwana Ndevu alinitazama kuona kama tutashuka kutambaa. Mimi nikamwomba daktari bunduki nitazame kwanza. Nikaweka jicho. Mama Apolonia, niliziona kope zake, nyeusi, zimepinda, na nzi mmoja ametua pembeni ya jicho, na nyati akapepesa. Neno la baba lilikuwa limetimia mbele yangu nami sijachubuka hata goti. Nikamrudishia daktari bunduki, nikamgonga bega.

Risasi ilikwenda nyuma, tumboni. Nyati akaingia matete ya bondeni na sisi tukalazimika kumfuata, maana mnyama mwenye jeraha haachwi, na huko ndani ya matete alitutokea kwa ubavu, karibu kama kutoka mlango huu mpaka jiko lilipo, daktari akainua bunduki, na baadaye alituambia huku akilia kwamba ndani ya kile kioo hakuona kichwa wala bega wala pembe, aliona manyoya meusi tu yamejaa kioo chote, hakujua anatazama sehemu gani. Gideoni alikuwa amesimama upande wangu. Alinisukuma. Pembe iliyokuwa ikija kwangu ilimpata yeye pajani, ikamwinua, na Bwana Ndevu akamwangusha nyati kwa bunduki yake mwenyewe isiyo na darubini yoyote.

Tulimbeba Gideoni kwa machela siku nzima mpaka kwenye gari, akalazwa miezi miwili na nusu, akapona, lakini mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto. Yule daktari alirudi kwao akiamini yeye ni mpigaji mbaya na amemwandikia Gideoni barua mbili za kuomba radhi. Bwana Ndevu ameulaumu upepo. Gideoni anasema ni mapenzi ya Mungu. Na mke wangu Tekla, aliyemfunga kaka yake vitambaa kwa miezi yote hiyo, kila tukisali jioni humshukuru Mungu kwa kuwa mimi nilikuwapo, nikambeba kaka yake begani. Hakuna hata mmoja anayejua kwa nini niligonga bega la mgeni kwa hatua mia tatu, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa Bwana Ndevu amekuja wiki iliyopita akaniachia bunduki na zile darubini tatu kwa mlinzi wa ghala lake hapa, na ruhusa ya kuzijaribu, akasema yeye anakwenda Mbeya na akirudi nimwambie mgeni wa mwaka huu afungiwe ipi. Nimejaribu kwa siku nne. Niliweka debe hatua mia tatu. Nikiegemeza bunduki juu ya gunia la mchanga, ile ya mara kumi hupiga debe tano kwa tano, na ya mara nne hupiga nne kwa tano. Nikikaa chini na kuegemeza kiwiko gotini kama tunavyofanya porini, ya mara nne hupiga nne vilevile, lakini ya mara kumi hupiga mbili tu, maana ule msalaba wa nyuzi ndani ya kioo unaruka kila moyo wangu unapopiga. Na alfajiri, kabla jua halijapanda, ya mara kumi ni giza kama chimni ya taa isiyofutwa, wakati ya mara nne inaona vizuri. Lakini ya mara kumi ndiyo inayonionyesha pembe zimekomaa au bado, dume au jike, mwenye ndama au hana, na mwaka ule wa nyuma kwa ya mara nne mgeni mmoja alipiga jike mwenye mimba, nami ndiye niliyegonga bega, na jambo hilo pia lilinikaa moyoni.

Jana Gideoni alikuja kwa mkongojo mpaka kwangu. Anataka kurudi kazini. Hakuuliza habari za mshahara wala za wageni. Alisema, "Shemeji, mguu huu haunitishi. Wewe niambie tu mgeni wa mwaka huu atafungiwa darubini gani."

Nilisema nitaandika kuuliza. Basi Mama, naomba unijibu mawili. Kwanza, kwa nyati, na kwa tandala wanaosimama mbali kwenye miteremko, ni mara ngapi inayofaa. Pili, na hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, baba yangu alinidanganya? Maana kope niliziona.

Mimi mwenye mashaka,
Jailos, mfuata nyayo.


JIBU LA MAMA APOLONIA

Kamwene, mwanangu Jailos.

Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu maji ya chai yalikauka jikoni, kwa hiyo mimi na mpishi Asukile tumekuwa ndugu. Miaka sita nimekaa katika ukurasa wangu wa gazeti nikitenganisha wake na waume, na sijawahi kuulizwa swali zuri namna hii. Nimetoka nikalitafuta, na jibu nakutumia kwa posta, sitalichapa gazetini, ili mwalimu Saulo asilisome mbele za watu kabla yako.

Kwanza nilikwenda misheni nikaazima darubini ya padri, ile ya macho mawili. Nikasimama barazani kwangu nikataka kumtazama kuku wa jirani juu ya paa. Kwa macho yangu ya bibi kizee nilimwona vizuri kabisa. Kwa darubini sikumwona. Niliona bati, nikaona bati tena, nikaona tawi la mti wa watu wengine, na nilipompata alikuwa akitetemeka kama ana homa. Nikadhani kuku mgonjwa. Kumbe ni mikono yangu. Basi ulichokiona wewe juu ya goti, na mimi nimekiona barazani: kinachokuza mnyama kinakuza na mtetemeko wako.

Kisha nikaenda sokoni hapa Iringa kwa mzee Bartholomeo, fundi wa saa, ambaye kabla ya saa alikuwa askari wa vita na mlenga shabaha aliyepewa cheti. Alikuwa amebana kile kikombe cha kioo jichoni. Nikamsomea barua yako, bila jina. Nikafika kwenye manyoya meusi. Hapo akatoa kioo jichoni akasema, "Mama, kwa hiki naona jino moja la gurudumu. Lakini springi ikiruka ikaanguka chini, nakivua, maana nikiitafuta nacho nitaitafuta mpaka Krismasi."

Hilo ndilo jibu lako la kwanza, na amelitoa mtu anayeishi ndani ya kioo. Darubini ikikuza sana inakupa kidogo cha kutazama. Ni nzuri kwa kitu kilichotulia mbele ya mtu aliyetulia. Nyati aliyejeruhiwa katika matete hakutulia, na yule daktari masikini hakutulia, na hakuna nyati atakayekungojea ukachote mchanga ujaze gunia.

Kwa hiyo shika hivi. Bunduki ya mgeni anayekwenda kwa nyati ifungwe ile fupi ya mara mbili na nusu, ile uliyosema haina majivuno, na nyati asizidi hatua themanini. Mkiingia vichakani kufuata damu, hata hiyo itolewe, ndiyo maana Mungu aliwapa watengenezaji akili ya kuweka skrubu. Bunduki ya tandala wa miteremkoni ifungwe ya mara nne, mgeni alale chini, aegemeze mtutu juu ya kitu, na hatua mia tatu ziwe mwisho, si mwanzo. Akitaka kupiga kwa mbali zaidi, akapige debe. Bartholomeo anasema siku nne zako za kujaribu ni kazi ya mtu mwenye akili, na kwamba aliwajua maofisa waliokuwa na nyota begani wasiofikiri kujaribu juu ya goti.

Na ile ya mara kumi usiitupe. Nakuona unavyoipenda, na sikulaumu, mimi mwenyewe padri amenidai darubini yake siku mbili sasa nami namwambia kesho. Ifungue kwenye bunduki uitie katika mfuko wako wewe. Itumie kutazama pembe, tumbo, ndama. Kwa hiyo hutagonga bega la mtu juu ya jike mwenye mimba tena. Ukimaliza kutazama, irudishe mfukoni, mshuke bondeni mkachubuke magoti kama zamani. Kutazama ni kazi moja na kupiga ni kazi nyingine, na wewe siku ile ulizifunga zote mbili kwa skrubu moja.

Sasa swali lako la pili. Nilikasirika kidogo niliposoma, maana marehemu hawezi kujibu barua gazetini. Baba yako hakukudanganya. Fikiri, Jailos. Mzee yule alikuwa na mkuki na macho mawili. Ili azione kope za mnyama ilimbidi atambae, akae upande ambao upepo hautamsaliti, anyamaze, aogope, akaribie. Mpaka aje kuziona kope, alikuwa ameshafanya mambo yote yanayomfanya mtu asikose, na akikosa, mnyama yuko mbele yake yeye mwenyewe, si mbele ya shemeji yake. Zile kope zilikuwa kipimo cha hatua za miguu yake. Wewe uliletewa kope kilimani, miguu ikabaki pale pale. Nyati wa hatua mia tatu alionekana yuko hatua thelathini, lakini risasi haitazami katika darubini. Ilikwenda mia tatu zote, na upepo wake, na kutetemeka kwa daktari.

Na hapa ndipo nitakugombeza, ukae vizuri.

Unaniambia huelewi. Mtu aliyepiga debe juu ya gunia, kisha juu ya goti, kisha akangoja alfajiri kulinganisha mwanga, huyo anaelewa. Jibu la darubini ulikuwa nalo kabla hujanunua stempu. Uliniandikia kwa sababu kuna neno limekukwama kooni miezi tisa, na ukaona ni rahisi kulisema kwa mwanamke wa Iringa asiyekujua kuliko kwa mtu anayekuja mlangoni pako kwa mkongojo. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Yako yamemwumbua mwingine: yuko daktari wa watu huko kwao anajiona mjinga kwa kosa ambalo nusu yake ni lako, na yuko mke wako anayemshukuru Mungu kila jioni kwa nusu ya habari. Najua unapenda kutazama mambo kwa karibu. Hili moja umelitazama kwa darubini iliyogeuzwa.

Nakuhurumia pia, nisiseme uongo. Hukugonga bega kwa uzembe. Uligonga kwa kumheshimu baba yako, na kwa furaha ya kuona kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wenu aliyewahi kukiona kutoka kilimani. Mimi ningekuwa na jicho lako siku ile, huenda ningegonga. Lakini aliyelipa ni Gideoni, na aliyekusukuma ni Gideoni, na sasa amekuuliza swali moja tu ukamwambia utaandika kuuliza. Mwanangu, yule hakuuliza habari za kioo. Mtu aliyelala kitandani miezi miwili na nusu ana nafasi ya kufikiri. Huenda aliona ulivyorudisha bunduki, ulivyogonga upesi. Huenda anajua tangu zamani na anangoja kusikia kama na wewe unajua.

Fanya hivi, na ufanye kabla Bwana Ndevu hajarudi kutoka Mbeya. Chukua zile darubini tatu kwa mlinzi, na bisibisi. Uende kwa Gideoni, usimwite kwako, maana mguu mfupi ni wake. Mweleze yote, hatua mia tatu, kope, nzi, neno la baba yako wa mkuki, kisha mweleze habari ya gunia na goti. Baadaye Tekla aambiwe, na Bwana Ndevu aambiwe, na daktari aandikiwe barua. Lakini Gideoni kwanza. Akisema hatafuatana nawe porini tena, ana haki, na usimbembeleze. Akisema atakwenda, mpe yeye bisibisi aifunge darubini ya mwaka huu kwa mkono wake, wewe umshikie bunduki tu.

Usimwandikie barua, umeshaonyesha kwamba unajua kuandika. Usimtume Tekla. Usisimame mlangoni ukasema kutoka mbali. Ingia, uketi, usogee karibu naye mpaka uzione kope zake kwa macho yako mwenyewe, ndipo useme.

Mama Apolonia,
Iringa.